Hifadhi ya Maisha: Imani ya Taifa na Mtoto Asiyezaliwa
Somo: Kutoka 1:15–21



Watu wakisimulia jinsi taifa la Israeli lilivyozaliwa, huanza na Musa na fimbo yake, au na bahari iliyopasuliwa. Kitabu cha Kutoka chenyewe hakianzi hapo. Chaanza na wanawake wawili wakunga, Shifra na Pua. Farao aliwaita akawaagiza kwamba wakiwazalisha wanawake wa Kiebrania wawaue watoto wa kiume, na wale wa kike wawaache. Nao walimcha Mungu, wasilifanye neno lile. Hawakuwa na jeshi, wala hawakuandika barua ya kumshitaki mfalme. Walikuwa na mikono yao tu na kazi yao ya kila siku, nayo mikono ile ikakataa. Basi kabla ya Pasaka, kabla ya Torati kutolewa Sinai, kabla ya mtu awaye yote kulitamka neno la uhuru katika nchi ya Misri, walikuwako watu wawili waliokataa kumwua mtoto. Taifa lilianzia hapo, chumbani mwa uzazi. Tena angalieni jambo hili: mwandishi ametuwekea majina ya wakunga wale, lakini jina la Farao hakuliandika, hata wataalamu wangali wakibishana ni Farao yupi.

Nimelichagua somo hili kwa kuwa nataka kusema juu ya taifa letu na maneno ambayo lilizaliwa nayo, na juu ya watoto wasiozaliwa bado. Mambo haya mawili watu huyatenga. La kwanza huwaachia wakuu wa serikali na sikukuu ya tarehe 9 Desemba. La pili huwaachia wanawake, walizungumze kwa kunong'ona jikoni. Mimi naona ni jambo moja, nami nawaomba mnisikilize kwa uvumilivu.

Wazee wetu waliopigania uhuru hawakuomba bendera tu. Mwaka 1959 Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima wa Kilimanjaro, uangaze hata ng'ambo ya mipaka, uwape watu matumaini na upendo na heshima mahali ambapo vitu hivyo vimekosekana. Usiku ule wa uhuru, mwezi wa Desemba mwaka 1961, afisa kijana wa jeshi, Alexander Nyirenda, aliupeleka mwenge huo mpaka kileleni. Chama cha TANU nacho kilikuwa na maneno yake ya msingi. Chama hakikuyaita sheria, wala shabaha, bali kiliyaita imani. Nasi tuliolelewa katika Kanisa twajua uzito wa neno hilo. Imani hiyo ilichapwa mwanzoni mwa Azimio la Arusha, Februari 1967. Siasa ya uchumi iliyofuata katika Azimio hilo wako walioipenda na wako iliowaumiza, na mengi yake yamekwisha kuachwa. Siyo habari yangu leo. Nasema juu ya ile imani iliyotangulia. Ilianza kwa kukiri usawa wa wanadamu wote, kisha heshima impasayo kila mtu. Na katika mambo yaliyofuata ikakiri kwamba kila mtu anastahili kupata kwa jamii ulinzi wa uhai wake.

Neno hilo halikufa pamoja na siasa zile. Mwaka 1984, haki za wanadamu zilipotiwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, likaandikwa tena katika ibara ya 14: mtu ana haki ya kuishi, tena ana haki ya kuhifadhiwa maisha yake na jamii kwa kufuata sheria. Msomaji aliye na Katiba nyumbani na aifunue ajisomee mwenyewe; ni mistari michache tu.

Maneno mawili katika mistari hiyo yanipasa kukaa nayo kidogo, yaani hifadhi na jamii.

Hifadhi ni neno tulitumialo kila siku. Mtoto wa kipaimara huhifadhi Katekisimo, maana yake aiweka moyoni isipotee. Mtu aliyekimbia vita huomba hifadhi. Na nchi yetu ina Hifadhi za Taifa, Serengeti na nyinginezo, ambamo twiga na ndovu wamewekewa askari wenye bunduki usiku na mchana, na mtu akikamatwa na nyama ya twiga hufikishwa mahakamani. Silaumu jambo hilo. Wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi tumewekwa kuwatunza. Lakini neno lile lile ambalo twalitumia kwa twiga, Katiba imelitumia kwa mwanadamu. Basi si vibaya kuuliza ni askari gani tuliomwekea mtoto aliye tumboni mwa mamaye, na ni ua gani tuliomzungushia mama huyo.

Na jamii je? Waandishi wangeweza kusema kwamba hifadhi itatoka kwa serikali. Hawakusema hivyo. Walisema jamii. Serikali yaweza kukataza, yaweza kumfunga mtu gerezani, yaweza kujenga zahanati, na yote haya ni mema yakifanywa kwa haki. Lakini serikali haiwezi kumpelekea binti mwenye mimba chungu cha uji, wala haiwezi kuketi na babaye mpaka hasira imtoke. Hiyo ni kazi ya watu wanaomjua jina. Kwa hiyo mtu asomapo ibara ile asidhani kwamba imeandikwa kwa mahakimu tu. Imetuandikiwa sisi, majirani na jamaa na usharika.

Lakini mtu atasema, Mchungaji, Katiba yasema mtu. Wewe wataja kitu ambacho hakijawa mtu. Swali hili ni la haki, nalo linahitaji jibu. Ni kweli, Katiba yetu haikueleza mtu huanza lini kuwa mtu. Jirani zetu wa Kenya, walipoandika Katiba yao mpya mwaka 2010, waliandika wazi katika ibara ya 26 kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, ingawa pia waliweka ruhusa kwa mganga mama anapokuwa katika hatari. Sisi hatukuandika hivyo. Tunayo Kanuni ya Adhabu, iliyotokana na sheria za Waingereza: katika vifungu vya 150 hata 152 yamtishia kifungo cha miaka 14 mtu amharibiaye mwanamke mimba, miaka 7 mwanamke mwenyewe, na miaka 3 yule atoaye dawa au chombo huku akijua ni cha kazi hiyo. Na katika kifungu cha 230 yamwondolea hatia mganga apasuaye kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama, nami naona ni haki, maana hapo hakuna atafutaye kuua. Lakini sheria hiyo nayo haikutueleza mtu ni nani. Yakataza tu.

Swali la kwamba fulani ni mtu au si mtu halikuanza leo. Katika kila kizazi limeulizwa, na kila mara aliyeulizwa juu yake alikuwa hawezi kujibu mwenyewe. Wazee wetu katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki walikuwa na neno kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Mtoto huyo alihesabiwa kuwa mkosi wa ukoo, naye aliuawa au kutupwa porini. Hawakuwa watu wakali kuliko sisi. Waliwapenda watoto wao wengine. Ila huyu mmoja hawakumwandika katika hesabu ya watu. Na huko pwani mtu alipigwa mnada kama mbuzi, mpaka soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Na hapa Tanganyika utumwa haukukomeshwa kabisa kwa sheria hata mwaka 1922. Wamarekani nao waliandika mwaka 1776, katika tangazo la uhuru wao, kwamba Muumba amewapa watu wote haki ya kuishi na ya kuwa huru, huku watumwa wakilima katika mashamba ya baadhi ya wale walioandika. Ikapita miaka 89, pamoja na vita kubwa, kabla ya katiba yao kuukataza utumwa. Maneno ya mwanzo yalikuwa mapana, orodha ya watu ilikuwa nyembamba. Tusiwacheke. Kila taifa lililoandika neno kubwa siku ya kuzaliwa kwake litaulizwa neno hilo na wale lililowaacha nje ya mlango.

Katika milima ya Usambara iko hospitali ya Lutindi. Wamisioni wa Bethel waliianzisha mwaka 1896 kuwa nyumba ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Baada ya miaka michache watoto wale wakawa wachache, na nyumba ile ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, ambao hata leo jamaa zao huwaficha au kuwafunga kamba. Sijui kama waliofanya hivyo walifikiri sana. Pengine waliona vitanda vi wazi na watu wako mlangoni. Lakini naona walijibu swali letu bila kulijadili. Hawakuuliza kwanza kama huyu ni mtu kamili, au ana faida gani kwa nchi. Walifungua mlango.

Maandiko nayo hayatuachi gizani. Daudi katika Zaburi ya 139 amwambia Mungu kwamba alionwa naye alipokuwa bado hajakamilika umbo, akifumwa tumboni mwa mama. Yeremia aambiwa katika sura ya kwanza ya kitabu chake kwamba alijulikana kabla hajaumbwa. Na Luka atuonyesha Mariamu akienda kwa haraka mpaka nchi ya milimani kumwona Elisabeti. Hebu fikirini, ni nani katika nyumba ile aliyetangulia kumfurahia Bwana Yesu? Si Zakaria kuhani, ambaye alikuwa bubu siku zile. Ni mtoto aliyekuwa bado tumboni, ambaye mimba yake ilikuwa imepita mwezi wa sita. Alimfurahia nani? Alimfurahia mtoto mwingine, ambaye mimba yake ilikuwa ya siku chache tu, hata tumbo la mamaye halijaonekana. Tena sisi wenyewe kila Jumapili tukisimama kuikiri Imani ya Mitume, twakiri kwanza kuchukuliwa mimba kwake Bwana, ndipo tukakiri kuzaliwa kwake. Kanisa halikuanza kumhesabu Mwokozi siku ya Bethlehemu. Yeye aliyetaka kuwa mwanadamu alianza pale ambapo kila mwanadamu huanza, naye kwa kupita hapo amepatakasa.

Hiyo ndiyo sababu Mkristo aisomapo ibara ya 14, na kulikuta neno mtu, halipunguzi.

Sasa nije kwa mambo yaliyo karibu nasi. Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, ambayo haina mawazo kama yetu juu ya jambo hili, ilishirikiana na watafiti wa Muhimbili na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nao katika mwaka 2015 wakachapa hesabu yao. Walikadiria kwamba katika mwaka mmoja tu, mwaka 2013, mimba zipatazo 405,000 zilitolewa katika nchi yetu, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika hospitali na vituo kwa madhara yaliyowapata. Ni makadirio, maana mambo ya siri hayahesabiki kama magunia ya kahawa. Hata tukiigawa hesabu hiyo nusu, au robo, bado ni watoto wengi, na mama wengi waliokwenda usiku kwa watu wasiojua kazi, wakarudi na homa, na wengine wasirudi.

Na hayo yote yalitendeka chini ya sheria iliyokataza. Hapakuwa na Farao aliyetoa amri. Basi ni nani aliyewaamuru?

Hofu iliwaamuru. Kwa miaka mingi mwanafunzi akionekana ana mimba aliondolewa shuleni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba aweza kurudi akiisha kujifungua. Wako Wakristo walionung'unika siku ile, wakasema ni kuruhusu uasherati. Mimi nilishukuru. Binti ajuaye kwamba maisha yake hayakwisha hana sababu kubwa ya kuyakatisha maisha ya mtoto. Hofu nyingine ni ya baba wa nyumba, ambaye amekwisha kutamka mbele ya watu kwamba binti yake akileta aibu asirudi kwake. Hofu nyingine ni ya umaskini. Lakini iko na hofu yetu sisi, nayo ndiyo inayoniumiza, kwa kuwa sisi ndio walinzi wake.

Mwajua desturi yetu. Binti yumo katika kwaya. Mimba yaonekana. Habari yafika kwa wazee wa usharika, naye aitwa, aonywa, atengwa na Meza ya Bwana, avuliwa joho la kwaya, aketi nyuma, mpaka siku atakayorudi kundini mbele ya watu wote. Nidhamu ya Kanisa ni agizo la Bwana mwenyewe katika Mathayo 18, wala mimi si mtu wa kuibomoa. Uzinzi ni dhambi. Mwenye dhambi aonywe, atubu, asamehewe. Lakini pimeni pamoja nami jinsi jambo hili linavyokwenda. Wazee hawamwoni binti akizini, wamwona ana tumbo. Basi kinachohukumiwa machoni pa watu ni tumbo. Mwenzake aliyefanya dhambi ile ile, kisha akaenda gizani akamtoa mtoto wake, hana tumbo. Na kwa kuwa hana tumbo, yeye aimba. Binti mmoja aliyekuwa ametengwa aliniambia, wala hakusema kwa uchungu, "Mchungaji, siku ile nilipokuwa nimeketi nyuma, rafiki yangu alikuwa mbele akiimba sauti ya kwanza. Tulikuwa na mimba mwezi mmoja, mimi na yeye. Nikajiuliza, kosa langu ni lipi, kuzini au kuzaa?"

Sikuwa na la kumwambia ila kwamba swali lake lilikuwa jema.

Mnaona sasa? Kwa midomo twafundisha kwamba mtoto wa tumboni ni mtu. Kwa matendo tumemfundisha binti kwamba mtoto wa tumboni ni ushahidi. Na mtu mwenye hofu huuharibu ushahidi. Hatukuagiza hivyo, wala hakuna mzee wa Kanisa aliyewaza hivyo moyoni, lakini mwendo wa desturi wamfikisha huko. Mimba si dhambi. Uzinzi ulikuwa dhambi, nao ulikwisha kutendeka miezi iliyopita. Mimba ni mtoto, naye hakuzini. Binti aliyekataa kumwua, aliyekubali kuonekana na kusemwa sokoni na kisimani, amefanya kazi ya Shifra na Pua. Naye katika siku za hatari zaidi, ambapo alihitaji Mwili na Damu ya Bwana kuliko wakati mwingine wote, sisi tumemnyima. Ninawaomba wazee wa sharika zetu walifikirie jambo hili katika vikao vyao: je, haifai binti wa namna hii aitwe kwa faragha, aitikie toba yake mbele ya mchungaji, apewe ondoleo la dhambi siku ile ile, na Jumapili ifuatayo apige magoti mezani pa Bwana na tumbo lake, watu wote wakiona? Wengine watanijibu kwamba vijana watazoea uovu. Najibu kwamba vijana hawajauacha uovu kwa kuwaona wasichana wameketi nyuma. Wamejifunza kuficha tu.

Na mwanamume yu wapi katika habari hizi? Katika Ngao ya Taifa wamesimama watu wawili huku na huku, mwanamume na mwanamke. Waliochora ngao ile walijua kwamba taifa halishikwi na mkono mmoja. Lakini katika daftari za nidhamu ukisoma utakuta jina la binti, na mahali pa jina la mwanamume pamebaki wazi, au pameandikwa kwamba amekwenda mjini. Amekwenda mjini! Kama angalidaiwa ng'ombe, wangalimfuata hata Tunduma. Wazee wamtafute. Aitwe pamoja na babaye. Asilazimishwe kuoa kwa fimbo, maana ndoa ya namna hiyo huzaa taabu nyingine. Bali alazimishwe kumkiri mtoto, na kumlisha, na kumlipia gharama za kujifungua.

Wako wasemao, nao si wajinga, kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nani atamlea mtoto huyu? Methali hii ni ya kweli, nami naitia sahihi. Lakini wanaoitumia ili kumshauri binti atoe mimba wameisoma kinyume. Ikiwa kazi ni kulea, basi kazi ni ya wengi, ndiyo maana babu zetu hawakuwalea watoto katika nyumba moja iliyofungwa mlango. Hapo ndipo lile neno jamii linapotoka katika kitabu na kuingia mjini na kijijini.

Nyinyi walimu wa dini mwajua jinsi Luther alivyoieleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Maelezo yale yana miguu miwili. Kwanza tusimdhuru jirani mwilini mwake. Pili tumsaidie na kumfadhili katika kila haja ya mwili. Watoto wetu huukariri mguu wa kwanza kwa sauti kubwa, na wa pili huumeza kwa kuwa kengele imekwisha kulia. Na katika Katekisimo Kubwa amekaza zaidi, kwamba mtu aliyeweza kumlisha mwenye njaa asimlishe, amemwua kwa njaa, hata kama mkono wake haukumgusa. Imani ya taifa letu, kwa kadiri iwezavyo kusema imani ya dunia, imefika mahali hapo hapo: haikuridhika na kukataza kuua, ilidai hifadhi. Basi mtu anayesimama mimbarani kuwalaani watoao mimba, na mwezi mzima hajapeleka hata kibaba cha unga kwa mjamzito mmoja, ameshika nusu ya amri, na nusu ya Katiba.

Wako pia dada zetu wasomao haya ambao walikwisha kufanya jambo hilo, pengine zamani, pengine wakiwa na miaka kumi na sita, na hawajamwambia mtu. Kwenu nasema neno moja. Damu ya Yesu haina orodha ya dhambi isizoziweza. Daudi alimwua Uria, tena kwa hila, naye alisamehewa. Zaburi ya 51 ni yake. Njoni kwa mchungaji, au kwa mama mcha Mungu anayejua kunyamaza, mseme mara moja, msamehewe mara moja. Na nyinyi ambao mimba ziliwaharibikia bila kupenda, msiseme kwamba Mungu amewaadhibu. Luther aliandika mwaka 1542 waraka mfupi wa kuwafariji wanawake wa namna yenu, akawaambia kwamba kuugua kwa mama mwamini juu ya mtoto wake Mungu amekusikia kama sala, hata kama hakuweza kumfikisha kwenye ubatizo.

Ndipo yafaa sharika zetu zianze na mambo madogo. Umoja wa Wanawake katika kila mtaa uchague mama wawili, kama wale wakunga walivyokuwa wawili, ambao binti aweza kuwaendea usiku bila habari kufika kwa wazee asubuhi. Mama hao waende naye kliniki. Waende naye kwa babaye. Mfuko wa diakonia utenge fedha kidogo kwa nauli ya hospitali, maana hospitali zetu za Machame, Bumbuli, Ilembula na Ndolage hazimfai mama asiye na nauli. Walimu wa kipaimara, mkifika kwenye amri ya tano na ya sita, msiwaachie wasichana peke yao maneno ya mimba. Waketisheni wavulana mbele, muwaulize wao. Na mtoto akiisha kuzaliwa, asibatizwe siku ya kazi kwa mlango wa nyuma, kama zilivyo sharika zifanyazo hivyo hata leo. Abatizwe Jumapili, pamoja na wenzake, kwa maji ya bakuli lile lile, na jina lake lisomwe kwa sauti.